Kusikilizishana Muziki wa Klasiki Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Isha, tunakaa barazani kwetu Ngamiani, watu kumi, siku nyingine kumi na watano, kwa spika moja ndogo na birika la kahawa. Kila mtu huja na kipande kimoja cha muziki anachokipenda akawasikilizisha wenziwe. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa sokoni, mlangoni mwa msikiti watu wanapovaa viatu, ndani ya daladala na kwa simu. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu ana kwa ana, kwa hiyo mengine yamerefuka na mengine ni mafupi.

Muziki wa klasiki ndio upi? Si zile nyimbo za zamani?

Nyimbo za zamani za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zetu za hapahapa Tanga, ni zilipendwa, na wapenzi wake wana vikao vyao. Huu tunaousikiliza sisi ni muziki wa watunzi walioandika kwa nota kila sauti ya kila ala, hasa Ulaya, tangu zaidi ya miaka 300 iliyopita. Wataalamu wakisema "klasiki" kwa maana finyu huwa wanakusudia kipindi cha baina ya 1750 na 1820 hivi, enzi za Haydn na Mozart na ujana wa Beethoven. Sisi tunachukua maana pana, kuanzia Bach mpaka watunzi walio hai.

Sijui kusoma nota. Naruhusiwa kuja?

Njoo. Kati yetu wanaosoma nota hawazidi watatu, na wawili kati yao wanasoma za solfa walizofundishwa kwaya.

Sisi watu wa pwani tuna taarab yetu. Huu muziki unatuhusu nini?

Marehemu baba alikuwa mpiga fidla wa taarab. Fidla yake ilitundikwa ukutani juu ya kabati la vyombo, na sauti yake niliijua kabla sijajua kusoma. Siku niliyosikia selo, ile fidla kubwa inayobanwa magotini, ikipiga Bach peke yake, sikuona nimeletewa kitu cha ugenini. Nilisikia ndugu wa ile iliyokuwa ukutani.

Undugu huo una historia yake. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa. Baadaye vikundi vya Unguja vikafuata mtindo wa okestra kubwa za Kairo, na ndani ya okestra hizo, pamoja na udi, nai na kanuni, zilikuwamo fidla, selo na besi, ala zilizotoka Ulaya. Kwa hiyo anayeketi kusikiliza bashraf kabla mwimbaji hajainuka tayari anajua kukaa na muziki usio na maneno. Hapa Tanga Black Star na Lucky Star walishika njia nyingine, wakaingiza magitaa ya umeme, lakini sikio la mtu wa Tanga limelelewa na vyote viwili.

Tofauti ipo, na ni vizuri kuijua mapema. Katika taarab ala nyingi hufuata tuni moja, kila mpigaji akiipamba kwa namna yake, na uzito uko kwenye shairi na kwenye maqam, zile ngazi zenye sauti ambazo piano haina vitufe vyake. Katika okestra ya Beethoven tuni inagawanywa: huyu anashika kipande, yule anampokea, wengine chini wanakwenda njia yao. Aliyewahi kuimba kwaya ya sauti nne ataielewa upesi. Na wewe umeshaimba. Wimbo wa Taifa ulitokana na utenzi wa kanisani wa Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyeutunga mwaka 1897. Msikilize siku moja anayeimba besi pembeni yako, utaona hafuati njia yako wala hakupotezi.

Nianze na nini?

Inategemea sikio lako limelelewa wapi. Kama wewe ni mtu wa mashairi, anza na Schubert. Huyu alizaliwa Vienna mwaka 1797, akafa 1828 akiwa na miaka 31, akaacha nyimbo zaidi ya 600 alizotungia mashairi ya watu wengine. Mimi humpa mgeni ule uitwao "Erlkönig", alioutunga akiwa na miaka 18 kwa shairi la Goethe. Unachukua kama dakika nne. Usiku, upepo unavuma, baba amempakata mwanawe juu ya farasi. Mtoto anaona mfalme wa majini anamwita. Baba haoni kitu: huo ni ukungu tu, mwanangu, hayo ni majani makavu. Jini anabembeleza, anaahidi michezo na mabinti zake, mwisho anasema asipokubaliwa atatumia nguvu. Mwimbaji ni mmoja, lakini anaimba watu wanne, na mtoto kila anapolia, kilio kinapanda juu zaidi ya kile cha kwanza. Muda wote huo mkono wa kulia wa mpiga piano unagonga sauti ileile harakaharaka, kwato za farasi zisizotulia.

Jirani yetu mmoja, muuza vitumbua, hajui hata neno moja la Kijerumani. Nilimsimulia kisa kwa dakika moja, nikawasha. Kilio cha tatu kilipotoka alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja, na kahawa imepoa mbele yake. Kisha farasi anafika nyumbani, piano inanyamaza, mwimbaji anayatamka maneno ya mwisho karibu kama anaongea: mikononi mwa baba mtoto alikuwa amekufa. Bibi yule alikaa kimya sana, kisha akasema, "Baba mtu angemsomea Ayatul Kursi." Tangu siku hiyo akija huuliza kama yule kijana ana nyimbo nyingine. Anazo, na hazitatuishia.

Kama unapenda ala peke yake, anza na utangulizi wa kipande cha kwanza kati ya sita alivyotunga Bach kwa ajili ya selo moja. Ni dakika mbili na nusu hivi. Fundi cherehani mmoja alipousikia aliniuliza, "Hao wako wangapi?" Ni mmoja tu. Bach anaufanya upinde uruke kutoka sauti nzito hadi nyembamba na kurudi, na sikio linaendelea kuzishika zote mbili, kama macho yanavyoona shuka zima wakati chombo cha mfumaji kinachopitisha uzi ni kimoja tu. Vipande hivyo vilikaa muda mrefu vikichukuliwa na wengi kuwa mazoezi ya wanafunzi, mpaka Pablo Casals wa Katalunya alipovikuta kwenye duka la nota Barcelona akiwa na miaka 13. Alivifanyia kazi zaidi ya miaka kumi kabla hajathubutu kukipiga kimoja mbele ya watu, na akavirekodi vyote sita kati ya 1936 na 1939.

Kama unapenda visa vya hali ya hewa, Vivaldi. Misimu yake minne ilichapishwa Amsterdam mwaka 1725, na kila msimu umefungamana na shairi. Kwenye ule wa machipuko mchungaji wa mbuzi amelala, fidla nyembamba zinavuma kama majani, na chini yake fidla ya sauti ya kati inabweka. Kweli ni mbwa: Vivaldi mwenyewe ameandika hivyo kwenye nota. Sisi misimu yetu ni masika na vuli, kusi na kaskazi, lakini mbwa ni mbwa.

Na bahari je? Hakuna mtunzi aliyeiandika?

Yupo Debussy, Mfaransa. "La mer", yaani bahari, ilipigwa mara ya kwanza Paris mwaka 1905, na ina sehemu tatu: alfajiri mpaka mchana baharini, michezo ya mawimbi, na mazungumzo ya upepo na bahari. Tuliisikiliza Raskazone, tukitazama maji ya ghuba. Nahodha mmoja mstaafu alisikiliza zile dakika 24 bila kusema, kisha akasema bahari hiyo ina baridi, si yetu. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua, kwani Debussy aliimalizia Eastbourne, pwani ya kusini ya Uingereza.

Mimi ni Mwislamu. Hizi si nyimbo za kanisa?

Nyingine ni za kanisa, na tunasema wazi kabla ya kuwasha. Bach alikuwa mtumishi wa kanisa Leipzig kwa miaka 27 ya mwisho wa maisha yake, na sehemu kubwa ya kazi zake ni ibada ya Kilutheri. Lakini vile vya selo, Vivaldi wa misimu, simfoni za Haydn (yaani kazi zake ndefu za okestra), karibu vyote vya Chopin, havina ibada ndani yake. Usiku wetu kuna Waislamu na Wakristo, kwa hiyo anayeleta kazi ya kanisa hutangaza, na asiyetaka hukaa uani akanywa kahawa. Hatulazimishani wala hatuulizani sababu. Mwezi wa Ramadhani hatukai kabisa.

Wenzetu wa kwaya ndio hutuletea Handel. Ile "Haleluya" inayoimbwa Pasaka na Krismasi ni kipande kimoja cha kazi ya saa mbili na zaidi, aliyoiandika kwa siku 24 mwaka 1741. Ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, wanawake waliombwa waje bila zile fremu za kutanua magauni na wanaume waache panga nyumbani, ili watu wengi zaidi waingie. Fedha zilizopatikana zilikwenda kwenye sadaka, na wafungwa wa madeni 142 wakalipiwa wakatoka. Habari hiyo ya wafungwa ndiyo iliyomfanya shehe mmoja rafiki yangu aombe kuisikia.

Kuna watunzi wenye asili ya Afrika, au wote ni Wazungu?

Wapo, na si wa kutafutwa kwa tochi. Joseph Bologne, maarufu kwa jina la Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika, na baba yake alikuwa Mfaransa mwenye shamba. Akapelekwa Ufaransa, akawa bingwa wa kupigana kwa upanga, kisha mpiga fidla na kiongozi wa okestra ambaye Paris nzima ilimjua. Okestra aliyoiongoza ndiyo iliyomwagiza Haydn simfoni sita zinazoitwa za Paris. Ukisikia koncheto zake, yaani vipande ambamo fidla moja inajibizana na okestra nzima, utasikia mtu aliyejua vidole vyake vinaweza nini.

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875, baba yake daktari kutoka Sierra Leone. Mwaka 1898 alitoa kazi kubwa ya kwaya na okestra kuhusu harusi ya Hiawatha, ikaimbwa Uingereza na Marekani kwa miaka mingi. Alikuwa ameiuza kwa fedha kidogo tu, na alipofariki 1912 akiwa na miaka 37 alikuwa hajafaidi mauzo yake. Kwa upande wa ngoma, yupo Mmarekani Steve Reich, yeye si wa asili ya Afrika, lakini alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza kupiga, akarudi na kazi ndefu ya ngoma na vibao vya kugonga. Wapigaji wetu wa ngoma huisikiliza wakihesabu kwa vidole.

Rafiki yangu anasema muziki huu unamtia usingizi. Nimfanye aupende vipi?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu nililikosea vibaya mwanzoni. Usiku wa kwanza kabisa niliwaletea watu simfoni ya tatu ya Mahler. Ina zaidi ya saa moja na nusu, sehemu yake ya kwanza peke yake inapita nusu saa. Mimi nilikuwa nimeishi nayo miaka, nikadhani mapenzi yangu yanatosha kumbeba mtu aliyekutana nayo siku hiyo. Mwezi uliofuata walirudi watatu.

Sasa nafanya hivi. Nachagua kipande kisichozidi dakika tano. Siwasimulii mtunzi alizaliwa wapi na aliugua nini. Hayo yatakuja mtu akishapenda. Ninasema kitu kimoja tu cha kushika kwa sikio: "sikiliza mkono wa kushoto unavyorudia", au "subiri filimbi iingie". Kisha nanyamaza, na simtazami usoni, maana mtu anayetazamwa husikiliza kwa adabu tu. Kikiisha simuulizi kama amependa. Namuuliza amesikia nini. Aliyesema "nimesikia kama mtu anapanda ngazi" ameshaingia, hata kama amekunja uso.

Tena usimletee kile unachodhani kinastahili kupendwa. Mletee kile ambacho wewe mwenyewe hukisikiliza ukiwa jikoni, au ukitoka msibani. Kijana mmoja anayeuza mitumba alituletea kipande cha pili cha koncheto ya klarineti ya Mozart, ile aliyoitunga 1791, miezi michache kabla ya kufa. Alisema ndiyo aliyokuwa akiisikiliza usiku alipokuwa akimuuguza mama yake. Hakusema zaidi. Hakuna aliyesinzia.

Kwa nini mnasikiliza kipande kimoja mara mbili kwa wapigaji tofauti?

Kwa sababu nota ni kama shairi kwenye karatasi, na mghani ndiye anayelitia pumzi. Glenn Gould wa Kanada alirekodi zile tofauti thelathini za Bach zinazoitwa Goldberg, yaani kipande kimoja kilichogeuzwa namna thelathini, mwaka 1955, zikamalizika kwa dakika 38 hivi. Akazirekodi tena 1981, zikachukua dakika 51. Mtu yuleyule, nota zilezile. Tuliisikiliza tuni ya mwanzo ya 1955 na ya 1981 moja baada ya nyingine, mabishano yakaenda mpaka saa sita usiku. Mimi niko upande wa ile ya 1981.

Hizo BWV, K., D. na Op. ni nini?

Ni namba za orodha za kazi. BWV ni ya Bach, K. ni ya Mozart, iliyopewa jina la Köchel aliyeitoa mwaka 1862, na D. ni ya Schubert. Op. ni kifupi cha opus, neno la Kilatini lenye maana ya kazi, na mara nyingi hufuata mpangilio wa kuchapishwa, si wa kutungwa: ule wimbo wa mfalme wa majini ni Op. 1, ingawa Schubert alikuwa ameshatunga mamia alipouchapisha. Faida yake ni hii: ukiandika BWV 1007 kwenye simu unafika moja kwa moja kwenye selo ya kwanza, K. 622 ni ile klarineti, D. 328 ni jini.

Makofi yanapigwa lini?

Siku hizi kwenye kumbi kubwa watu hungoja mpaka sehemu zote ziishe. Lakini haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake, pale hasa alipotaka. Na simfoni ya saba ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza 1813, sehemu ya pili ilibidi irudiwe papo hapo. Sisi tuliozoea kuinuka kumtunza mwimbaji akiwa katikati ya ubeti tunawaelewa watu hao. Barazani kwetu mtu akiguswa anasema "Naam!" na hakuna anayemgeukia.

Bando linaisha upesi. Napata wapi muziki huu?

Pakua usiku, sikiliza mchana. Watunzi wengi walishakufa zamani, hivyo nota zao ni huru, lakini rekodi ina haki za waliopiga, usichanganye. Nota za bure zimejaa kwenye tovuti ya IMSLP. Rekodi za bure ziko kwenye tovuti ya Musopen, na Kimiko Ishizaka alizitoa Goldberg zote mwaka 2012 ili yeyote azichukue na kuzigawa atakavyo. Hizo tunarushiana kwa simu bila hofu. Ukitaka kuona ala kwa macho, vuka Unguja uende chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, wanafundisha fidla, udi na kanuni chini ya paa moja.

Umeme ukikatika?

Umewahi kukatika, tena ndani ya sehemu ya nne ya simfoni ya tisa ya Beethoven, kwaya ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Spika ya siku hizo haikuwa na betri. Tulikaa gizani. Kisha mmoja wa wanakwaya akaianza ile tuni kwa mdomo uliofungwa, wa pili akampa besi, na waliobaki wakaingia walipoweza. Beethoven mwenyewe, usiku ule wa tarehe 7 Mei 1824 Vienna, hakusikia lolote; alikuwa kiziwi, na mwimbaji mmoja wa kike ndiye aliyemgeuza aone watu wanavyopiga makofi.

Watoto waje?

Waje. Wakichoka walale mkekani.

Kikao cha mwisho kabla ya Ramadhani huwaje?

Husikilizwa kipande kimoja tu, kilekile kila mwaka: simfoni namba 45 ya Haydn, ya mwaka 1772. Mwanamfalme Esterházy alikuwa amewakalisha wanamuziki wake kwenye kasri la mashambani muda mrefu kupita desturi, na familia zao ziko mbali. Haydn hakumwandikia barua. Aliandika sehemu ya mwisho ambamo, mmoja baada ya mwingine, mpigaji anamaliza nota zake, anazima mshumaa wake na kuondoka, mpaka zinabaki fidla mbili. Mwanamfalme akaelewa, na kesho yake ruhusa ikatoka.

Tunawasha koroboi tano juu ya ukuta wa baraza na kuzima taa. Kila ala ikinyamaza mtu mmoja anainuka, anatafuta ndara zake gizani, anasema "Mfungo mwema" kwa sauti ya chini na kushika njia. Jirani yangu wa vitumbua hubaki karibu na mwisho, kwa kuwa nyumba yake iko mlango wa pili. Fidla mbili zikibaki, tunakuwa mimi na yeye. Kisha anapuliza koroboi ya mwisho, nami nazima spika.